Ukuta wa Choo cha Wanawake

Tarehe 11 Juni
Mvua ya kwanza imenyesha leo na mji wetu mtakatifu umeanza kunuka. Tirthwadi hunuka hivi kila mwaka: maua yaliyooza, samli, kinyesi cha ng'ombe, na mkojo wa wanaume waliokuja kuosha dhambi zao kwenye mto Godavari wakaanzia ukutani. Nimestaafu ualimu. Mwanangu Girish yuko Pune na hapokei simu mchana. Mume wangu Sadanand ana mengi ya kuiambia bembea yake kuliko ya kuniambia mimi. Basi nitaandika. Nikimwambia mtu yote niliyo nayo moyoni nitafukuzwa kwenye kamati.

Kamati yenyewe ni ya usafi, miti na huduma za mahujaji. Serikali imeleta fedha ili mji upendeze, na mwenyekiti ni Diwani Thigale. Ilitakiwa mwanamke mmoja ndani, akanichagua mimi akidhani mke wa kuhani atakaa kimya na kumimina chai. Nilimfundisha darasa la tatu, na alikuwa hafikirii mbali hata wakati huo.

Ninachotaka ni kimoja tu. Choo cha wanawake kwenye ngazi za mtoni.

Tarehe 13 Juni
Leo nilikaa na Mhalsa mpaka mvua ikatufukuza. Yeye huuza makoja ya mrehani na maua kwenye ngazi ya juu kabisa, tangu enzi za mama mkwe wake. Anafika alfajiri, anaondoka taa za jioni zikiwashwa, na katikati hapo hanywi hata tone la maji. Wanawake wote wa ngazi zile wanafanya hivyo, wauza bangili, wauza poda nyekundu, wote. Ila Mhalsa ameanza kuvimba miguu. Daktari amemwambia figo moja imechoka na ya pili inaifuata, na dawa ya kwanza ni maji.

"Basi kunywa, Mhalsa," nikamwambia.

"Nikinywa nitayapeleka wapi, Mwalimu? Wanaume wana ukuta. Mimi nina mapaja mawili, na yote nimeyabana."

Muuza bangili akacheka mpaka akakohoa. Mhalsa naye akacheka. Mimi sikucheka.

Mwaka juzi nilimwambia aje kwetu. Nyumba yetu iko uchochoro wa nyuma tu, na choo kiko uani, nyuma ya jiko. Alikuja mara moja. Sadanand akangoja atoke chooni, kisha akachukua ndoo akamwaga maji kutakasa kila mahali alipokanyaga mwanamke wa tabaka la chini, na Mhalsa alikuwa hajafika hata mlangoni. Akageuka, akaona, akaenda zake. Hakurudi tena, nami sikumsihi. Nilijiambia nyumba ya kuhani ni nyumba ya kuhani.

Tarehe 18 Juni
Kikao cha kamati. Kila mtu anakiunga mkono choo cha wanawake. Sijapata kuona kitu kinachoungwa mkono namna hii. Kuhani mkuu wa hekalu la Rama anakiunga mkono, ila kisiwe upande wa mashariki kwa sababu Mungu anatazama mashariki, na atatazama nini kila asubuhi? Mwenye nyumba ya wageni anakiunga mkono kwa moyo wake wote, ila kisiwe karibu na jiko lake. Mwenye duka la peremende anakiunga mkono, kikijengwa ng'ambo ya mto.

Nikasema, "Kwa hiyo wanawake wabane mpaka ng'ambo ya mto."

"Mwalimu, taratibu," Diwani akasema. "Tuna watu wa heshima hapa."

"Watu wa heshima hawakojoi?"

Mmoja akachezea simu yake. Mwishowe Diwani akakumbuka ukuta wa ghala la zamani la nafaka, mwisho wa ngazi, pale ambapo kila mwanamume wa mji huu na wa miji ya jirani amesimama angalau mara moja katika maisha yake.

"Pale hakuna mungu anayetazama," akasema.

Tukapitisha.

Tarehe 22 Juni
Mvua. Mafundi hawakuja.

Tarehe 26 Juni
Mvua. Mafundi wamekuja, wamekunywa chai, wameondoka.

Tarehe 3 Julai
Kuta zimesimama. Waziri atakuja siku ya Ekadashi kubwa, sikukuu ya mahujaji, na ghafla kila kitu kinawezekana. Wamejenga tangi la maji la zege limeegemea kwa ndani ukuta wa mbele, unaotazama ngazi. Vyumba vinne na kimoja cha kubadilishia nguo zilizolowa mtoni.

Leo pia wamepanda miti kando ya barabara ya mahujaji. Kila mche umewekwa ndani ya kizimba cha chuma, na kila kizimba kina bango lenye jina la Diwani. Bango ni kubwa kuliko mche. Mbuzi wa mwenye duka la peremende alikuwa anatazama shughuli nzima kwa makini sana.

Tarehe 14 Julai
Tumefungua choo.

Diwani alikata utepe na akahutubia mpaka watu wakaanza kusinzia. Nilikuwa nimeapa kwamba mtu wa kwanza kuingia atakuwa Mhalsa. Nikamshika mkono nikampitisha katikati ya wote, na makoja yake begani. Akaingia. Nje watu wazima, wenye vilemba na simu za gharama, wamesimama wanamngoja mwanamke mmoja akojoe. Alipotoka alikuwa ameosha mikono na uso, na maji yanamchuruzika kidevuni.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Kuna komeo kwa ndani," akasema. "Mwalimu, nimefunga mlango mwenyewe."

Kisha akaenda kwenye bomba, akakinga kiganja, akanywa. Akanywa tena. Akaniangalia kama mtoto anayefanya ukaidi, akanywa mara ya tatu. Nililia mbele ya Diwani na sioni haya kuandika. Nina miaka sitini na mitatu na sikumbuki ni lini nilifurahi hivi kwa jambo nililolifanya mwenyewe.

Sadanand ameniuliza jioni kwa nini nimechelewa kupika. Nimemwambia nilikuwa nafungua hekalu. Hakuelewa, na mimi sikurudia.

Tarehe 17 Julai, Ekadashi
Watu, watu, watu. Foleni ya wanawake ilizunguka ghala lote. Kikongwe mmoja kutoka kijiji cha mbali alinibariki mimi na vizazi vyangu vyote, kisha akaniuliza kama choo hiki kitakuwapo mwakani.

Tarehe 24 Julai
Mahujaji wameondoka, wanaume wa mji wamebaki. Hawawezi kuingia ndani, basi wanakojolea ukuta wa mbele kwa nje. Ndio ukuta wao, wanasema, wamekojoa hapo tangu wakiwa wadogo. Nimebandika tangazo. Wamelikojolea tangazo.

Wanawake wameanza kukwepa, kwa sababu ili ufike mlangoni lazima upite nyuma ya migongo yao na dimbwi lao. Suvarna, binti wa Mhalsa, alipita akatupiwa maneno machafu. Ana miaka kumi na tisa. Mhalsa amemkataza asiende tena, na yeye mwenyewe leo hakunywa.

Tarehe 28 Julai
Nimepata dawa. Ni dawa ambayo kila mtu hapa anaijua, na ninajishangaa kwa kutoifikiria mapema. Ngazi za mahakama zilikuwa zinatemewa tambuu, wakabandika vigae vyenye picha za miungu. Kuta za stendi, vivyo hivyo. Mwanamume wa Tirthwadi anaweza kumkojolea diwani, daktari na tangazo la serikali, lakini hawezi kumkojolea Ganesha.

Nilikwenda dukani. Nikachagua Ganesha mmoja aliyekwaruzika pembeni, muuzaji akanipunguzia bei, pamoja na Lakshmi na Datta.

"Chukua na msikiti na msalaba, Mwalimu," akasema. "Ukuta uwe kamili. La sivyo Mwislamu atasema yeye karuhusiwa."

"Waislamu wa hapa wana adabu kuliko wajomba zako."

"Wajomba zangu ndio wateja wangu wa vigae," akajibu. Nikachukua vyote vitano.

Nilimweleza Sadanand nikitegemea ugomvi, kwa kuwa hata kutaja choo wakati wa kula humkasirisha. Akasimamisha bembea.

"Ganesha mweke katikati," akasema. "Uone nani atathubutu."

Tarehe 30 Julai
Ukuta umekauka! Nilisimama pale saa nzima na mwavuli wangu. Kijana akaja anafungua zipu, akainua macho, akagusa kifua na paji la uso, akaondoka upesi. Nimewashinda. Mhalsa amekunywa chai glasi mbili mbele yangu, akaenda, akarudi.

Tarehe 5 Agosti
Mwezi mtukufu wa Shravan umeanza. Kwenye kigae cha Lakshmi nimekuta ua moja la rangi ya chungwa. Nimetabasamu.

Tarehe 9 Agosti
Maua mengi, na poda nyekundu kwenye vipaji vya nyuso vyote, pamoja na mnara wa msikiti.

Nimemuuliza Mhalsa. Kumbe ndiye aliyeanza. Maua yanayobaki jioni hawezi kuyatupa jalalani, ni maua ya ibada, na mto umefurika hafiki majini. Akayaweka pale, juu ya vigae, kwa nia njema. "Ningeyaweka wapi tena, Mwalimu? Mungu si yupo pale?"

Sikuona ubaya.

Tarehe 13 Agosti
Taa ya samli. Mtu ameweka taa ya samli kwenye ukuta wa choo changu.

Tarehe 19 Agosti
Leo Ganesha ametoka jasho.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo mji mzima unavyosema tangu asubuhi. Nilipofika palikuwa na umati, wanawake wanalia, wanaume wanapiga picha. Kigae kilikuwa kimelowa kweli, matone yanatiririka kwenye mkonga wake wa tembo. Nikajipenyeza mpaka mbele.

"Jamani! Nyuma ya ukuta huu kuna tangi la maji baridi. Hewa ni ya joto. Hata glasi ya maji hutoka jasho!"

"Kwa nini basi halikutoka kwenye msikiti?" mtu akauliza.

"Kwa sababu tangi linaishia hapa!"

"Aa. Tangi linaishia pale pale anapoishia Ganesha," akasema, na watu wakaitikia kwa sauti moja kama kwaya. Mwanamke mmoja akanivuta ukaya akaninong'oneza: "Mwalimu, wewe mke wa kuhani, usijiletee laana."

Nimefundisha watoto wa mji huu miaka thelathini na mitano. Nusu ya umati ule nimewafundisha mimi mwenyewe jinsi mvuke unavyogeuka kuwa maji.

Tarehe 26 Agosti
Sadanand haipandi bembea tena. Ananyoa kila asubuhi, anavaa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, anakwenda ukutani. Ndiye kuhani wa mahali pale sasa. Hakuna aliyemteua. Alikwenda kutazama, akaanza kuimba sala, watu wakanyamaza, akarudi kesho yake. Hekalu lake la zamani lilikuwa halina watu tangu barabara mpya ipite kwingine, na sasa watu wanamgusa miguu. Nilisahau kwamba ana sauti nzuri.

Nimemkabili leo kwenye chakula.

"Ulikuwa hutaki hata neno choo litajwe humu. Sasa unasali kwenye ukuta wake?"

"Sisali kwenye choo, mama Girish. Nasali kwa Mungu."

"Mungu huyo nimemnunua mimi. Amekwaruzika pembeni, nilipunguziwa bei."

"Hata yule wa hekalu kubwa kuna mtu alimchonga na akalipwa," akasema kwa upole, akaongeza wali.

Upole ule umeniuma kuliko yote.

Tarehe 2 Septemba
Wanawake hawaingii tena chooni. Mbele kumejaa watu wanaosali. Nani atapita katikati ya sala, viatu mkononi, huku kila mtu anajua anakwenda kufanya nini? Mhalsa amehamishia biashara yake ukutani. Makoja yanaisha kabla ya mchana. Nimemwona kwa mbali, midomo imekauka, anacheka na wateja.

Tarehe 8 Septemba
Kikao. Sadanand alialikwa kama mgeni wa heshima na akakaa mkabala nami kama mtu nisiyemjua.

Diwani alisema haiwezekani Mungu apewe kisogo na choo. Hisia za watu zimeumia. Mahujaji wa mwezi wa Kartik watasema nini? Kwa hiyo vyumba vifungwe, vitumike kama stoo ya samli ya taa na maua, na mbele pajengwe kibaraza cha marumaru.

"Na choo?" nikauliza.

"Kitahamishwa, Mwalimu."

"Kwenda wapi?"

"Kamati itatafuta mahali."

Mikono yote ikainuka isipokuwa wangu. Wakati wa kutoka, mume wangu akanifungulia mwavuli. Tulitembea chini ya mwavuli mmoja mpaka nyumbani. Miti ya Julai imekwisha kuliwa yote. Vizimba vipo, na jina la Diwani limo ndani ya kila kimoja likilindwa vizuri.

Tarehe 15 Septemba
Nataka kuliandika hili kama lilivyokuwa.

Asubuhi Sadanand alipokuwa anaoga nilichukua nyundo na tindo kwenye sanduku lake, nikavifunika kwa ukaya wa sari, nikateremka mtoni. Mvua ilikuwa kubwa, hapakuwa na mtu hata mmoja. Nilikuwa nimekata shauri. Nitavunja vigae vitano. Watanitukana, watanitenga, labda watanipeleka polisi, lakini mungu akiondoka choo kitabaki choo.

Nikaanza kwa kuyaondoa makoja. Niliyaondoa polepole, moja moja, nikayalaza kwenye jiwe safi yasilowe. Nadhani hapo nilikuwa nimekwisha kushindwa, ila sikujua. Nikafuta poda nyekundu kwa kiganja. Ganesha akatokea, na mkwaruzo wake pembeni.

"Wewe ni kigae," nikamwambia kwa sauti. "Mimi ndiye niliyekutoa dukani."

Nikaweka tindo penye ukingo. Nikainua nyundo. Mkono haukushuka.

Nikajiambia nianze na msikiti, au msalaba, kisha mkono utazoea. Papo hapo nikaona haya. Kwa nini wao ndio waanze? Nikarudi kwa Lakshmi. Nikarudi kwa Ganesha. Sura ile ile iko juu ya mlango wa jiko langu, ilikuwa juu ya mlango wa jiko la mama yangu, na mtoto wangu alipougua ugonjwa wa manjano nililala chini yake sakafuni. Maji yalikuwa yananiingia machoni. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilijua habari za tangi na mvuke. Nikasimama pale, nyundo imeinuliwa, kama wale vijana wa Julai wenye zipu wazi.

"Hata wewe, Mwalimu."

Mhalsa alikuwa nyuma yangu, amejifunika nailoni, kikapu kichwani. Sijui alikuwa amesimama tangu lini.

"Hiki ni choo chako," nikamwambia. "Nimekipigania kwa ajili yako, mwanamke wewe!"

"Najua, dada. Nimekojoa humo kama malkia. Mungu akubariki. Lakini choo hakijanunua kwangu hata koja moja."

"Na figo?"

"Figo hazina binti wa kumwozesha. Mimi ninaye."

"Utakufa, Mhalsa!"

"Ee. Na wewe utakufa, ukiwa umekunywa maji ya kutosha." Akatua kikapu. Hakuwa ananikejeli, alikuwa amechoka. Akaokota makoja yangu niliyoyalaza kwenye jiwe, akayakung'uta, akayarudisha mahali pake. La mwisho akanipa mimi. "Haya, mvishe. Usiondoke hivi hivi, ni mkosi."

Nikamvisha.

Nimerudi nyumbani nikamchukia Mhalsa siku nzima. Namchukia bado ninapoandika. Nilimtengenezea mlango wenye komeo na yeye ameuza maua mbele yake.

Tarehe 29 Septemba
Jua. Mto unapungua. Sijateremka tena kwenye ngazi.

Tarehe 5 Oktoba
Suvarna alikuja kugonga mlango wa uani. Mama yake amevimba uso mpaka macho hayafunguki, na mkojo umekatika kabisa. Nimeita gari, tumempeleka hospitali ya wilaya. Daktari, kijana mpole, ameuliza kwa nini hakunywa maji kama alivyoambiwa. Tukatazamana mimi na Suvarna. Ungeanzia wapi kumweleza?

Tarehe 9 Oktoba
Wamemwingiza kwenye mashine ya kusafisha damu. Leo alikuwa na fahamu.

"Nani amekaa mahali pangu?" akaniuliza.

"Suvarna."

"Mwambie asinywe chai asubuhi. Ni mgeni, hajui."

Nikamshika mguu, ngozi ikabonyea na alama ya kidole changu ikabaki. Nikamwambia nilimkasirikia sana. Akasema alijua, alikuwa ananiona napita njia ya sokoni ili nisikutane naye. Tukacheka kidogo. Sadanand ametuma maua matakatifu kutoka ukutani ili tuyaweke chini ya mto wake wa kulalia. Niliyaweka. Mhalsa alitaka.

Tarehe 14 Oktoba
Mhalsa amefariki asubuhi. Siwezi kuandika.

Tarehe 15 Oktoba
Tumemchoma jana kando ya mto, chini kidogo ya ukuta. Wakati moto unawaka, kengele za ibada zilikuwa zinalia juu, na mume wangu anaimba. Hakusitisha. Labda hakujua ni nani. Nimempa nafasi hiyo ya kutojua, kwa leo.

Tarehe 25 Oktoba
Wakaguzi wa usafi wa miji wamekuja kutoka makao makuu. Diwani aliwatembeza. Walipiga picha vizimba vya miti kwa mbali, wakapiga picha mlango wa choo cha wanawake. Hawakuomba ufunguo. Sadanand aliwapaka poda kwenye paji la uso, wakamgusa miguu.

Tarehe 4 Novemba
Mji wetu umepata tuzo ya usafi. Kuna mabango.

Tarehe 12 Novemba, Ekadashi ya Kartik
Mvua zimekwisha, na hiki kitabu nacho nitakifunga leo.

Mahujaji walianza kufika jana. Asubuhi nilisimama juu ya ngazi nikawaona wanawake kama kila mwaka, wanaangaza macho huku na huku. Wengine wameshikiana sari kuwa pazia kando ya mtaro, mabinti wamejiinamia. Suvarna alikuwa ukutani na kikapu cha mama yake, midomo mikavu.

Nimerudi nyumbani. Nimefungua mlango wa uani, nikaweka jiwe usijifunge. Nimejaza mapipa. Nikasimama uchochoroni nikaanza kuita kwa sauti yangu ya darasani: "Kina mama! Choo kipo huku! Njooni!"

Hawakuja. Juu ya mlango wetu kuna jina la ukoo wa kuhani, na hata mgeni akilisoma anajua asikanyage. Walisimama mwisho wa uchochoro wakinitazama. Basi nikateremka nikamshika Suvarna mkono mbele ya wateja wake, nikampandisha mpaka uani. Akaingia. Alipotoka, wawili walikuwa wanangoja. Kisha saba. Kabla ya mchana foleni ilifika kwa muuza samli.

Sadanand alikuja kula akakuta uani hapapitiki.

"Mama Girish, ni nini hii?"

"Foleni."

"Humu ndani? Nyumba ya baba yangu? Unawajua hawa ni kina nani?"

"Hapana. Wewe waulize."

Wanawake wakainamisha vichwa, mmoja akataka kuondoka nikamzuia. Sadanand alibadilika rangi. Akasema hatatia chakula kinywani ndani ya nyumba hii tena.

"Nenda ukale kwa mungu wako," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyewakutanisha, hatakunyima."

Akachukua kitambaa chake kingine kwenye kamba, akaondoka. Sijui kama atarudi, na leo sina nafasi ya kuliwaza hilo.

Jioni foleni ilipopungua, Suvarna alikuja tena. Nilimpa glasi ya maji, akanywa yote, nikamwongeza. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko anatazama uani: choo, pipa, mlango ulio wazi, na ngazi za mtoni zinazoonekana pale pale nje ya uchochoro.

"Mwalimu," akasema, "mama naye angeweza kuja hapa?"

"Angeweza."

"Tangu lini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu. Mwanamke mwingine alikuwa amefika mlangoni, anaona haya kuingia, nikamwambia apite, nikaichukua ndoo nikaenda kuchota maji.